Wanamwita Kibonge na yeye anacheka

SWALI: Mtaalamu, salaam. Nipo Makorora, Tanga. Binti yangu ana miaka 14, yupo kidato cha pili. Tangu mdogo ana mwili, kama mimi na kama mama yangu. Nyumbani wanamwita Kibonge. Aliyeanzisha ni kaka yangu, mjomba wake, na akija Jumapili lazima atoe moja: mara kiti kinaomba msamaha, mara "mpisheni Kibonge, mlango haumtoshi". Watu wanavunjika mbavu, na binti mwenyewe anacheka. Hata kwenye simu amejiandika Kibonge. Bibi yake naye humtania sana, ila wao wanarudishiana. Mwanzoni mwa mwaka huu mjomba alimkuta anatoka na baiskeli kwenda shule, akamwambia "mwanangu, ihurumie hiyo Phoenix". Tangu siku hiyo baiskeli imelala uani. Anavaa sweta la shule mchana wa jua kali. Mezani anakula vijiko viwili anasema ameshiba, lakini alfajiri nakuta maandazi yangu ya biashara yamepungua. Mume wangu anasema namdekeza, sote tulitaniwa na hatukufa, na tena asipoambiwa ataendelea kunenepa. Wifi yangu ameniletea chai ya kupunguza tumbo. Naomba kuuliza, utani huu una madhara au ni mimi mwenye moyo mwepesi? Na nikiwakataza ndugu zangu, si nitaonekana najidai?

JIBU: Dada, nianze na sweta, maana ndilo lililonishtua kuliko yote uliyoandika. Mtu wa Tanga anayevaa sweta saa saba mchana, jua la kaskazi limesimama utosini, ama ana homa ama ana kitu anakificha. Binti yako hana homa.

Nalijua hilo sweta. Mimi nilikuwa na la kwangu, ingawa kwa upande wa pili. Nilikuwa mrefu, mwembamba, na nyumbani kwetu Pangani nikaitwa Ng'onda, samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani hadi akakauka. Baba mdogo akiniona natumwa dukani huuliza kama upepo wa leo utanifikisha. Nilicheka. Nilicheka miaka mingi. Na kuanzia darasa la sita nilikuwa natoka nyumbani nimevaa magauni mawili, moja juu ya jingine, ili nionekane nimejaa. Hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna anayemkagua mtoto anayecheka.

Kwa hiyo moyo wako hauna wepesi wowote. Umeona kitu kilichopo. Ila kukwambia hivyo tu hakutakusaidia Jumapili kaka yako akivua viatu mlangoni, basi twende taratibu.

Watu wengi husema: anacheka, kwa hiyo haumii. Hebu mweke mtoto wa miaka 14 katikati ya watu wazima wanane waliomgeukia kwa pamoja. Akilia, ataambiwa ana hasira za karibu. Akinyanyuka akaondoka, amemvunjia mjomba heshima. Akijibu, ndiyo kabisa. Kilichobaki mkononi mwake ni kucheka, tena acheke haraka na kwa sauti, ili jambo lipite sahani iendelee kuzunguka. Kicheko hicho ni tiketi ya kutokea tu, wala hakisemi lolote juu ya utamu wa mzaha wenyewe. Na hilo la kujiandika Kibonge kwenye simu lina jina pwani hii: kujiwahi. Anayejua jiwe linakuja hulirusha mwenyewe, angalau achague litakapoangukia.

Sisemi kila aitwaye Bonge anaumia. Mpo mnaomjua Bonge wa barazani ambaye ukimwita kwa jina alilopewa na baba yake hageuki. Huyo ni mtu mzima, jina amelivaa miaka thelathini kama kofia, na wenzake amewabandika ya kwao: yupo Kipara, yupo Mzee wa Kesho ambaye hajawahi kulipa deni siku aliyoahidi. Simwingilii. Utajuaje basi binti yako ni wa aina gani? Usimwangalie mdomo. Angalia anafanya nini kicheko kikiisha. Na hilo umeshaniandikia mwenyewe, pengine bila kujua kwamba unalijibu swali lako: baiskeli, sweta, vijiko viwili, maandazi ya alfajiri.

Sasa neno lenyewe. Mumeo anasema ni utani tu, na hiyo "tu" inanikera kidogo, kwa kuwa utani kwetu haujapata kuwa "tu". Ni mila yenye masharti. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Mwingereza mmoja, R. E. Moreau, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, huko milimani juu ya Muheza, aliandika makala kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika. Huyu anakumbukwa zaidi kwa kazi yake juu ya ndege, lakini hata yeye aliona kwamba hapa pana jambo zito lililovikwa nguo za mchezo. Wazee wako wangemweleza bila karatasi: mtani wako anakutukana leo, na kesho ukifiwa ndiye anayeshika jembe la kaburi, ndiye anayekuchekesha kilio kikiwa bado kooni. Anachukua chako, nawe una haki ya kuchukua chake. Hakuna wa kukasirika, na hakuna upande mmoja unaopiga tu na mwingine unaopigwa tu. Ni deni la pande mbili.

Utani una mipaka ya nani na nani pia. Babu na bibi na wajukuu, ndiyo. Mabinamu, ndiyo. Mashemeji, sana. Mkwe hataniwi. Na mjomba? Mjomba ni mzazi, na kwa Wadigo, ambao zamani ukoo na urithi wao ulipita upande wa mama, mjomba ndiye aliyekuwa na neno kubwa kwa mpwa wake kuliko hata baba. Sijui nyinyi ni kabila gani, na siku hizi mambo yamechanganyika, lakini jaribio ni rahisi kulifanya kichwani. Jumapili mjomba aseme kiti kinaomba msamaha, naye binti ajibu palepale: "Na hicho kitambi chako mjomba, kimeshawaomba msamaha vifungo vya shati?" Unaiona hiyo nyumba inavyonyamaza? Unamsikia atakayesema "hebu muombe mjomba wako radhi"? Basi. Mzaha usiorudishika una majina mengine katika lugha yetu. Ni dhihaka, ni kejeli. Mjomba anaweza kuwa anampenda mpwa wake kwa moyo wote, na naamini anampenda, lakini mapenzi yake hayabadilishi mwelekeo wa jiwe.

Linganisha na bibi. Umeandika kwamba na bibi "wanarudishiana", na neno hilo moja limenipa raha. Bibi akisema, mke mwenzangu wewe ndiye unayemaliza wali mume wetu analala njaa, mjukuu anajibu, nimalize mimi mwenye meno, wewe utautafunia nini? Wote wawili wamepigwa, wote wawili wamekaa sawa. Hapo mwili unatajwa na hakuna anayekwenda kuvaa sweta. Bibi mwache kabisa, usimguse.

Kuna kitu kingine kinachotuchanganya, nacho ni lugha. Mimi nimekua nikisikia "umenenepa!" ikisemwa kwa furaha mlangoni, kama pongezi. Mtu anatoka safari, anatoka uzazi, anatoka fungate, anapokewa hivyo: umenenepa, umenawiri, ndoa imekukubali. Mwili ulikuwa barua ya kwamba unatunzwa. Kisha ikaja miaka ya UKIMWI, kukonda kukawa jambo la kunong'onezwa, na kunenepa kukawa faraja maradufu. Maana hiyo haijafa. Bibi zetu bado wanaitumia hivyohivyo. Ila binti yako anaishi na maana mbili kwa wakati mmoja. Mlangoni kwa bibi mwili ni neema. Kwenye simu anaona kiuno cha nyigu na picha za "kabla na baada". Shuleni kuna "tipwatipwa", kuna "minyama uzembe", na hilo la pili lisikilize vizuri: limeshaamua kwamba mwenye mwili ni mvivu. Kwa hiyo shangazi anaposema umenenepa akikusudia heri, mtoto anaweza kusikia nyingine kabisa, na shangazi hatajua kamwe kwa nini salamu yake imepokewa kwa uso wa kununa. Simlaumu yeyote kati yao. Nasema tu neno limebadilika bei sokoni, na wauzaji wa zamani hawajaambiwa.

Nije kwa mumeo. Hoja yake ya kwanza, kwamba sote tulitaniwa na hatukufa, ni kweli, hatukufa. Mimi sikufa. Nilivaa tu magauni mawili. Muulize siku moja mkiwa wawili, bila kumvizia, yeye aliitwa nani. Wanaume wengi hukumbuka jina, aliyelisema na mahali walipokuwa wamesimama, miaka arobaini baadaye. Kama kweli halikugusa, angelikuwa ameshalisahau.

Hoja yake ya pili ndiyo ninayotaka kukaa nayo, kwa kuwa ina sura ya huruma: asipoambiwa ataendelea kunenepa. Wazazi wengi wanaamini mzaha ni dawa chungu. Mtoto ataona aibu, aibu itamfanya apunguze. Watu wamelipima jambo hili. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wasichana 2,379 waliofuatiliwa tangu wakiwa na miaka 10. Wale walioambiwa na mtu wao, awe mzazi, ndugu, rafiki au mwalimu, kwamba ni wanene mno, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na unene uliokithiri wakifika miaka 19, hata baada ya kuzingatia uzito waliokuwa nao mwanzoni. Mwaka huohuo, Uingereza, watu wazima 2,944 walifuatiliwa kwa miaka minne. Waliosema wanabaguliwa kwa sababu ya uzito waliongezeka karibu kilo moja, na wasiosema hivyo wakapungua kidogo. Tafiti za namna hii haziwezi kuapa kwamba neno peke yake ndilo lililonenepesha, na zimefanyika mbali na Makorora. Lakini ukitafuta humo dalili kwamba aibu inapunguza mwili, huioni. Inayoonekana inaelekea upande mwingine.

Kwa nini iwe hivyo? Mwili hautofautishi sana kati ya mbwa anayekukimbiza na meza nzima inayokucheka. Kote kuwili, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni za dharura, mojawapo ni kotisoli, ambayo kazi yake ni kupandisha sukari kwenye damu upate nguvu ya kukimbia. Ukikimbia, inashuka. Lakini mezani hakuna pa kukimbilia. Dharura ikijirudia wiki baada ya wiki, kotisoli inayobaki juu inachochea hamu ya vitu vitamu na vya mafuta, inaharibu usingizi, na inasaidia mafuta kukaa tumboni. Mwili umeambiwa kuna hatari, nao unaweka akiba.

Ongeza na njaa ya kawaida. Vijiko viwili mezani havimtoshi mtoto anayekua. Hakuacha kula, ameacha kula mbele ya macho. Njaa inasubiri nyumba ilale. Na hebu fikiri anavyokula pale jikoni: gizani, amesimama, kifuniko cha ndoo amekishika kisilie, anameza haraka kabla mlango haujalia. Aliyekula hivyo hasikii shibe, kwa kuwa shibe inataka dakika kadhaa na utulivu. Anakula matatu ambapo angekula moja na chai. Kisha anarudi kitandani na aibu ya pili juu ya ile ya kwanza, na kesho mezani anajiadhibu kwa vijiko viwili tena.

Na baiskeli! Hili karibu linichekeshe kwa uchungu. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za mwili kushughulika kila siku. Binti yako alikuwa anazipata sehemu kubwa bila mtu kumtuma, kwa kwenda na kurudi shule, katika mji ambao baiskeli ni kama miguu ya ziada. Mjomba akazifuta kwa sentensi moja. Mzaha uliodaiwa kuwa ni dawa ya unene umeanza kwa kuondoa dawa yenyewe.

Hapa nisieleweke vibaya, maana wapo wanaosikia haya wakadhani nasema unene hauna neno. Una neno. Kisukari, presha na magoti vinauhusu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi au unene uliokithiri, na hiyo si idadi ya kupuuza. Lakini binti yako hajapimwa. Uzito wa mtoto hausomwi kama wa mtu mzima. Unawekwa pamoja na urefu, umri na jinsia kwenye jedwali lake. Msichana wa rika lake kuongezeka mafuta nyonga na mapaja ni kazi ya balehe, wala si uzembe. Na umesema ana umbo lako na la mama yako. Sehemu kubwa ya umbo tunazaliwa nayo. Inawezekana kabisa ukaambiwa yupo sawa. Inawezekana pia ukaambiwa amezidi, na hapo mtapewa mpango. Aliyevaa koti jeupe na kufunga mlango ndiye wa kuyasema hayo, kwa sauti ndogo. Nasema "kufunga mlango" kwa makusudi. Niliwahi kumsindikiza dada yangu kliniki, na muuguzi aliyekuwa mzanini alizitangaza kilo zake mpaka foleni ya nje ikageuka, akaongeza na kaichekesho kake juu ya mzani kuharibika. Dada yangu hakurudi kupima presha kwa miaka miwili. Ukiona mahali pana tabia hiyo, una ruhusa ya kusema: tuandikie tu, tutasoma wenyewe.

Chai ya wifi: mshukuru, usiitumie. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina majani ya kuharisha, kama sena. Mtu anaendesha, anapoteza maji na chumvi, mzani unashuka siku mbili, mafuta yapo palepale. Akizoea, matumbo yanaweza kuanza kukataa kufanya kazi bila hiyo chai, na madini ya potasiamu yakishuka sana moyo unaweza kupiga ovyo. Kwa mtoto wa miaka 14 hakuna cha unga, kidonge wala chai ya kupunguza mwili pasipo daktari, hata kama mwuzaji ana picha mia.

Sasa utafanyaje. Watu wengi wangekimbilia kwa kaka. Mimi ningeanza na binti, kwa kuwa ukimtetea mbele za watu kabla hamjazungumza, unaweza kumwaibisha mara ya pili. Usimkalishe kitini uso kwa uso kama kesi. Kwenu mnakanda unga. Mwite mkande pamoja, mikono iwe na kazi na macho yawe kwenye sinia. Usimuulize "wakikuita Kibonge unaumia?" Atasema hapana, ameshalizoea jibu hilo. Anza na lako: mwanangu, siku ile mjomba aliposema la baiskeli mimi nilinyamaza, na nimejuta. Kisha nyamaza kweli. Acha unga ukandwe. Huenda asiseme kitu siku hiyo. Atakuwa amejua kwamba uliona, na hilo ndilo alilokuwa analikosa. Siku nyingine muulize angependa aitweje nyumbani. Akisema Kibonge hana neno nacho, mwamini nusu, endelea kuangalia sweta.

Maandazi usiyahesabu kwa sauti, na ndoo usiifunge kwa kufuli. Ukifanya hivyo umegeuka askari na yeye mwizi, ndani ya nyumba yake. Afadhali hakikisha saa kumi akitoka shule anakuta chakula cha kweli, mfunikie, na asimamiwe na mtu. Kama kuna cha kubadilisha jikoni, kibadilike kwa wote: soda ya kila siku iondoke mezani, sukari ya chai ipungue hata kwa baba, machungwa ya Muheza yawepo ndani. Sahani ya mmoja ikitofautishwa, hiyo nayo ni kejeli, tofauti ni kwamba haina maneno.

Na wewe mwenyewe, samahani nikikugusa. Mara ngapi umesimama mbele ya kioo ukasema "ona nilivyokuwa gunia" huku binti yupo mlangoni? Ana mwili wako. Kila unachokiita chako anakichukua.

Kuhusu kaka, njia ni tatu. Ya kunyamaza umeshaijaribu na matokeo unayaona. Ya kumkatiza palepale Jumapili ina faida moja, mtoto anasikia akitetewa, na ina hasara: mwanamume aliyeumbuliwa mbele ya mashemeji hutafuta pa kulipizia, na mara nyingi hulipizia kwa mzaha mwingine. Naiweka kama akiba. Ninayoipenda ni kumfuata kwake, peke yako, kabla ya Jumapili, wala si kwa kuandika kwenye kundi la familia la WhatsApp ambako kila mtu atatia neno. Kwanza zungumza na mumeo ili asije kukukana mbele yake. Mwonyeshe baiskeli uani, hiyo inatosha kuliko hotuba yangu yote. Kisha nenda. Huendi kukataza, unakwenda kuomba, na ombi la dada kwa kaka lina uzito pwani hii ambao amri haina. Mwambie: kaka, mpwa wako anakuheshimu kiasi kwamba neno lako moja limemtoa kwenye baiskeli. Nakuomba ulitumie hilohilo kumrudisha. Usimwambie "unamuumiza mtoto", maana ataanza kujitetea na mazungumzo yameisha. Mwambie ana nguvu, ambayo ni kweli.

Je, utaonekana unajidai? Kwa baadhi yao, ndiyo, pengine kwa mwezi mmoja. Kaka anaweza kununa, anaweza Jumapili ya kwanza kuingia na "haya jamani, siku hizi hapa hatutaniani", na hiyo itauma. Usimjibu, mpe chai. Akirudia la mwili baada ya kuombwa, hapo ndipo unapotumia ile akiba, kwa maneno machache na sauti ya chini: hilo tulishaliongea kaka. Ukishasema, badilisha mada wewe mwenyewe. Kwa wanaoona unavunja mila, una la kuwajibu. Wahenga waliosema mzaha mzaha hutunga usaha walikuwa watani hodari kuliko sisi, na dini nayo imekataza kuitana kwa majina ya kejeli. Hujaleta kitu kigeni.

Mpaka hapa ni mambo ya nyumbani. Kuna dalili ambazo hazingoji Jumapili. Akianza kujifungia chooni baada ya kula na kutapika, akikaa siku nzima bila kula, hedhi ikikata, akishuka sana masomo au akijitenga hata na bibi, akijikata au kujiumiza, au akisema neno lolote la namna ya "bora nisingekuwepo", hata kwa kucheka, mpelekeni mkaonane na mtu ana kwa ana. Usiyachukulie maneno hayo kuwa ya kutishia. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru, kuuliza hakumtii wazo kichwani. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ndiyo ya karibu nanyi. Ombeni pia kuonana na ofisa ustawi wa jamii. Shuleni muone mwalimu wa ushauri nasaha kimyakimya, hasa kama majina yamefika darasani. Na binti mwenyewe ajue kwamba ipo namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ya bure, anaweza kupiga bila wewe kuwepo. Upande wa mwili, ngozi ya shingo au kwapa ikiwa nyeusi na nene kama velveti, akikojoa na kunywa maji kupita kawaida, au akikoroma sana usiku, apimwe sukari na daktari aamue.

Kama hakuna kati ya hayo, mpeleke tu kupima kawaida likizo ijayo, na wewe upime siku hiyohiyo, mpande mzani wote wawili.

Naona nimesahau jambo dogo. Baiskeli iliyolala tangu mwanzo wa mwaka, tairi zake zimeshakaa chini na mnyororo una kutu. Usimpelekee fundi. Ukimaliza kuzungumza na kaka yako na ukaona amelainika, mwombe aje na pampu Jumapili mapema, kabla wengine hawajafika, ajaze upepo na atie mafuta. Asihutubie. Ikibidi kusema, aseme tu mnyororo ulikuwa mkavu. Na kama binti atatoka nje akamkuta amechutama pale na mikono myeusi, akamwambia "mjomba, ihurumie hiyo pampu", mwambie kaka yako asikasirike.